Waya mmoja na chuma: historia ya shoti kwenye pikipiki za Kivu

Fyuzi ya pikipiki ikikatika mara ya kwanza, motari anaweka nyingine. Ikikatika tena palepale, wengine wanakunja karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, wanaichomeka mahali pa fyuzi, safari inaendelea. Hapo ndipo waya unaanza kuungua chini ya kiti, na kosa ambalo lingetengenezwa kwa kipande cha utepe linakula waya zote za pikipiki. Ugonjwa wenyewe ni shoti, au kursirkwi kama mafundi wengi wa Goma na Bukavu wanavyosema. Una umri mkubwa kuliko pikipiki za abiria.

Pikipiki za kwanza hazikuwa na waya wa kutosha kuupata. Mwaka 1902 kampuni ya Bosch ya Ujerumani ilitoa magneto ya volti za juu, kazi ya mhandisi Gottlob Honold: chombo kinachozungushwa na injini yenyewe na kutoa cheche bila batri. Taa ya mbele iliwaka kwa gesi ya kabaidi. Mwaka 1914 kampuni ya Indian ya Marekani ilileta pikipiki inayowashwa kwa umeme, lakini batri za wakati ule hazikuweza mzigo huo na mpango ukaachwa upesi. Taa za umeme na honi zilibaki. Zilipoenea, watengenezaji walichagua njia ya kuokoa shaba: waya mmoja unapeleka umeme kwenye taa, na umeme unarudi kwenye batri kwa kupitia chuma cha pikipiki. Njia hiyo ya kurudi ndiyo mafundi wa Kongo wanayoiita masi.

Uamuzi huo ndio mama wa shoti. Chuma chote kikiwa njia ya kurudi, waya wenye umeme ukichubuka popote na kugusa chuma, umeme unakata njia. Haupiti tena kwenye taa, hauna kazi ya kuupunguza, unakimbia kwa wingi mpaka fyuzi ikatike. Fyuzi ikiwa ni ile karatasi ya sigara, kinachokatika ni waya.

Katika Kivu, kwa miaka mingi pikipiki ilikuwa chombo cha mapadri, wachanjaji, maagronomu na watu wa miradi. Abiria wa kawaida alitembea, na mzigo wake ulipanda chukudu. Yamaha AG100, iliyobuniwa kwa ajili ya mashamba, na DT125 zilijulikana sana kwenye njia za milimani. Mafundi waliojifunzia kwenye Yamaha walishika kanuni moja: waya mweusi ni masi.

Baada ya vita vya 1996 na 1998 barabara zilikuwa zimekufa, na katika miaka ya 2000 pikipiki ya abiria ikaziba pengo la magari. Zikaja pikipiki za China, nyingi zikiwa zimeiga Honda CG125 ya mwaka 1976. Wafanyabiashara wa Butembo, waliokwisha kufungua njia za Dubai na China, walikuwa na mkono wao katika biashara hiyo. Na hapo kanuni ya zamani ikageuka mtego. Kwenye Honda na ndugu zake wa China, masi ni waya wa kijani. Mweusi ndio unaobeba umeme kutoka kwenye funguo. Fundi wa Yamaha aliyefunga mweusi kwenye chuma alitengeneza shoti kwa mikono yake mwenyewe. Kisha ikaja Boxer ya Bajaj ya India, kampuni iliyofanya kazi miaka mingi na Kawasaki, na humo masi ni mweusi wenye mstari wa njano. Hesabu pia pikipiki zilizokwisha kubadilishiwa waya barabarani, ambapo rangi ni ile iliyopatikana sokoni siku hiyo. Rangi ikawa shahidi asiyeaminika.

Ndiyo maana taa ya kupimia ilishinda. Ni balbu ya volti 12, ya kionyesha-kona kwa mfano, yenye waya mbili. Fundi anatoa fyuzi iliyokatika, anaweka balbu mahali pake, anafungua funguo bila kuwasha injini wala taa. Balbu ikiwaka kwa nguvu zake zote, shoti ipo; ikiwaka hafifu, huo ni umeme wa kawaida wa vyombo vingine. Kisha anachomoa soketi moja moja: taa ya nyuma, honi, swichi ya breki, taa ya mbele. Ile inayozima balbu ndiyo njia yenye ugonjwa. Anaufuata waya huo kwa vidole, anautikisa, huku jicho likiwa kwenye balbu. Hakuna fyuzi inayopotea, na hata mwanafunzi wa siku tatu anaweza.

Mahali penyewe hapabadiliki sana. Kwanza ni shingo ya usukani, ambapo waya zinapindwa kila kona. Pili ni chini ya tangi. Tatu ni nyuma, chini ya kibebeo, ambapo gunia la makaa linaukandamiza waya wa taa kwenye chuma. Goma ina la zaidi: tangu lava ya Nyiragongo ilipopita katikati ya mji tarehe 17 Januari 2002, mitaa mingi ni mawe matupu, na mtikisiko huo unachubua waya kama msasa. Halafu kuna redio na chaja ya simu, zilizofungwa moja kwa moja kwenye batri bila fyuzi yoyote.

Shoti moja inawadanganya hata wazee wa kazi, kwa sababu haikati fyuzi. Kwenye pikipiki za aina ya CG ambazo CDI yake inalishwa na magneto, waya mweusi wenye mstari mweupe ndio unaozima injini: funguo ikifungwa, waya huo unaunganishwa na masi na cheche inakufa. Ukichubuka na kugusa chuma, injini inazimika njiani kana kwamba funguo imefungwa. Taa zinawaka, honi inalia, cheche hakuna. Wengi wameuziwa CDI mpya bure. Jaribio ni kuuchomoa waya huo kwenye CDI na kupiga kiki. Injini ikiwaka, CDI ni nzima.

Tofauti hiyo si ya fedha tu. Mwezi Mei 2021, sehemu kubwa ya Goma ilipoamriwa kuhama baada ya mlipuko, watu walikimbilia Sake. Mwezi Januari 2025, vita vilipofika Minova na Sake, safari iligeuka kuelekea Goma. Mara zote mbili pikipiki zilibeba mama, watoto wawili na godoro, mzigo uleule unaolala juu ya waya wa taa ya nyuma. Fundi mwangalifu, akimaliza kuziba mchubuko, anauhamisha waya huo mbali na chuma cha kibebeo, anauvisha kipande cha mpira wa ndani wa gurudumu, ndipo anarudisha fyuzi.