Nani Humchukua Kijana Kwanza? Vilabu vya Raga Visivyo na Hela Jijini Nairobi

Mwaka 1977 timu ya raga ya wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi ilicheza msimu wake wa kwanza katika Kenya Cup, na ligi ilipokwisha kombe lilikuwa lao. Walijiita Mean Machine. Hawakuwa na jumba la klabu lenye baa na ukumbi, wala wanachama wa kulipa ada kila mwaka. Vilabu walivyoviacha nyuma vilikuwa na hayo yote, pamoja na nusu karne ya mazoea.

Raga ya Nairobi ilikuwa mchezo wa watu wenye nafasi zao. Mwaka 1923 timu ya Wilaya ya Nairobi iligawanywa sehemu mbili, zikapatikana Nondescripts na Harlequins, ili jiji liwe na wapinzani wa kukabiliana. Chama cha Raga cha Afrika Mashariki kiliundwa 1953, na miaka miwili baadaye uwanja wake wa Barabara ya Ngong ukawapokea British Lions, timu ya Uingereza na Ireland. Mpaka leo ukifuata barabara hiyo kuelekea magharibi unapita mitaa ya raga: uwanja wa chama ambao ni nyumbani kwa Harlequin, Klabu ya Impala, Jamhuri Park wanakocheza Nondies, yaani Nondescripts, na mbele zaidi, ukishapita Dagoretti Corner, Shule ya Lenana. Upande wa Barabara ya Waiyaki, kabla hujafika Kangemi, ipo Nairobi School.

Shule hizo mbili ndizo chemchemi. Zilijengwa kwa ajili ya watoto wa Wazungu, moja ikiitwa Prince of Wales na nyingine Duke of York, na raga ilikuwa sehemu ya malezi humo sawa na kanisa la Jumapili. Uhuru ulipokuja majina yakabadilika, madawati yakajaa Waafrika, lakini nguzo za goli hazikung'olewa. Kufikia mwanzo wa miaka ya 1970, Kenya Cup ilipoanzishwa, kila mwaka palitoka vijana wa Kiafrika waliokuwa wamecheza raga tangu kidato cha kwanza. Swali likawa: baada ya mtihani wa mwisho, nani anawachukua?

Wamarekani walikuwa wameshajiuliza swali hilohilo kuhusu besiboli, wakalijibu kwa sheria. Kabla ya 1965 timu tajiri kama New York Yankees ziliweza kumfikia kijana nyumbani kwao, zikaweka fedha mezani na kumaliza maneno. Juni mwaka huo ukaanza uteuzi wa zamu: timu dhaifu zinatangulia kuchagua, mabingwa wanangoja. Wa kwanza kabisa kuchagua walikuwa Kansas City Athletics, waliokuwa wameshika mkia, nao wakamchukua mwanafunzi wa chuo aitwaye Rick Monday. Katika uteuzi uleule walimpata Sal Bando, mwaka uliofuata Reggie Jackson. Timu ikahamia Oakland mwaka 1968, na kuanzia 1972 Bando na Jackson, sasa wakiwa watu wazima, walitwaa nayo ubingwa mara tatu mfululizo.

Oakland haohao, wakiwa maskini, walifanya jambo la kufanana na hilo mwaka 2002: ushindi wa mechi 103, sawasawa na Yankees, kwa mishahara iliyokaribia theluthi moja ya ile ya New York. Kitabu cha Michael Lewis kiitwacho Moneyball kilifanya wengi waamini kuwa siri ilikuwa hesabu na kompyuta. Hesabu zilikuwepo. Lakini warushaji watatu walioibeba timu ile, Tim Hudson, Mark Mulder na Barry Zito, wote walikuwa wameteuliwa wakiwa wanafunzi wa chuo kati ya 1997 na 1999, na kwa miaka ya mwanzo ya mkataba kanuni za ligi ziliruhusu walipwe kidogo. Maskini alishinda kwa sababu alichagua vizuri, na kwa sababu kijana alikuwa bado hajaruhusiwa kuondoka.

Nairobi haikuwa na sheria kama hiyo. Ilikuwa na kitu kilichofanya kazi ileile bila kuandikwa popote, nacho ni orodha ya wanaojiunga na chuo kikuu. Hadi Moi ilipofunguliwa mwaka 1984 na Kenyatta mwaka uliofuata, nchi nzima ilikuwa na chuo kikuu kimoja tu cha umma. Kijana aliyecheza vizuri Lenana au Nairobi School, akafaulu masomo, aliishia palepale, katika mabweni ya Barabara ya State House. Si mwalimu wa timu aliyemteua, ni mtihani. Mean Machine walipata kila mwaka kile ambacho Athletics walikipata Juni, tena bila kupokezana zamu na mtu. Harlequin na Impala wangeweza kumwalika kijana chakula cha mchana Jumamosi. Machine walikuwa wanalala naye chumba kimoja.

Tena raga wakati huo ilikuwa ya ridhaa kwa amri. Hadi Agosti 1995 ilikuwa marufuku duniani kote kumlipa mchezaji wa raga ya muungano (rugby union). Klabu tajiri ya Nairobi haikuweza kutumia utajiri wake waziwazi, ila kwa bia, nyama choma na kujuana na mabwana wakubwa maofisini. Mwanafunzi wa miaka ishirini huvutwa na hayo, lakini havutwi mbali. Na jambo ambalo husahaulika ni kwamba wanafunzi walikuwa na wakati. Mtu wa benki au wa bima alifika mazoezini baada ya kazi, siku mbili kwa wiki, tai imo mfukoni. Mwanafunzi alishinda hapohapo.

Ndiyo maana sikubali moja kwa moja kwamba upekee wa chuo ulikuwa sababu pekee. Machine walitwaa tena Kenya Cup mwaka 1989 na 1990, wakati vyuo vilikuwa vimeshaongezeka na vijana wametawanyika Eldoret, Njoro na Barabara ya Thika. Kuishi pamoja kulikuwa mtaji pia.

Ubaya wa mtaji huo ni kwamba unahitimu na kuondoka. Kila baada ya miaka mitatu au minne timu ya chuo hubomolewa na sherehe ya mahafali. Ubaya mwingine ulikuwa wa kisiasa: baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1, 1982, chuo kilifungwa kwa muda mrefu na wanafunzi wakarudishwa vijijini.

Mwaka uliofuata, 1983, Kenya Cup ilikwenda kwa Mwamba.

Mwamba nao walizaliwa 1977, kwa mkono wa wachezaji wa Kiafrika waliochoka kuwa wageni katika vilabu vya wengine. Hawakuwa na uwanja, wakakaribishwa Klabu ya Reli, kule chini ya Uhuru Highway, hatua chache kutoka Barabara ya Haile Selassie. Kwa klabu isiyo na hela mahali pale palikuwa na faida kuliko Barabara ya Ngong. Mtu anayetoka kazini katikati ya jiji hufika kwa miguu. Anayetoka Kawangware au Kangemi hushuka matatu mjini akaingia mazoezini bila kuunganisha gari la pili. Nauli imewapotezea vilabu vya Nairobi wachezaji wengi kuliko majeraha, ingawa hakuna anayeiandika kwenye ripoti ya msimu. Na aliyemaliza shule bila alama za kuingia chuo, ambaye Machine hawangeweza kumchukua hata wakimtamani, alikuta mlango wa Mwamba wazi, na ndani watu waliozungumza kama yeye. Mashindano ya wachezaji saba kila upande ambayo klabu hiyo huandaa, Kabeberi Sevens, yana jina la George Kabeberi, mmoja wa watu wao wa zamani, si la mdhamini wala la bwana mkubwa wa kikoloni.

Ubingwa wa ligi, hata hivyo, haukurudi haraka. Miaka ya 1990 ilikuwa ya Nondies. Kisha zikaja zama za waajiri.

Benki ya KCB iliunda timu mwaka 1989, na mwaka 2005 timu hiyo ikatwaa Kenya Cup yake ya kwanza, ikafuatisha ya 2006 na 2007. Benki haikuhitaji kumpa kijana bahasha chini ya meza, ilimpa kazi. Fikiria nafasi ya mzazi wa Dagoretti mwenye kijana wa miaka ishirini na mbili: upande mmoja timu inayochangisha pesa ya basi la kwenda Nakuru, upande wa pili ajira, bima ya matibabu na mkopo wa nyumba siku za usoni. Hilo halihitaji kikao cha familia. Baadaye Kabras, timu ya kiwanda cha sukari kule Kakamega, ilifuata njia hiyohiyo, ikawa bingwa mwaka 2016. Kuanzia hapo mkondo ukageuka: vijana waliowahi kutoka magharibi mwa Kenya kuja Nairobi kutafuta raga wakaanza kupishana na wenzao wanaotoka Nairobi kwenda magharibi kutafuta mshahara. Mean Machine wamekuwa wakipanda na kushuka daraja, huku vyuo vya kibinafsi navyo vikiwania vijana walewale.

Soka angalau ina kinga kidogo. Tangu 2001 FIFA inataka asilimia 5 ya ada ya uhamisho wa kimataifa igawiwe vilabu vilivyomlea mchezaji kati ya umri wa miaka 12 na 23. Kawangware inaijua njia ya malezi: timu iliyoanzia mtaani humo, World Hope, ilitwaa Kombe la Rais mwaka 2005 kabla ya kugeuka Nairobi City Stars. Upande wa pili wa jiji, Mathare United, waliotokana na chama cha vijana cha MYSA, walifika hadi ubingwa wa ligi mwaka 2008 kwa wachezaji waliokulia palepale. Lakini asilimia hizo huja tu pale mtu anaponunuliwa ng'ambo kwa fedha nyingi. Anayetoka Klabu ya Reli kwenda benki haachi senti nyuma.

Je, raga ya Kenya ingeweka uteuzi wa zamu, timu ya mkiani ikatangulia? Wapo wanaoitamani fikra hiyo, nami naiona imebeba ubaya wake. Katika besiboli kijana haulizwi anataka kuishi wapi. Huambiwa timu, akakubali au akae nje. Sheria ile inamlinda tajiri pia, kwa sababu inashusha bei ya kila mtu. Na haimhusu Mwafrika: wanaoteuliwa ni wa Marekani, Kanada na Puerto Rico. Waganda Umar Male na Ben Serunkuma, waliochukuliwa na Los Angeles Dodgers mwaka 2022, walisaini kama wachezaji wa kigeni nje ya utaratibu huo, na iliyowapata ni mojawapo ya klabu tajiri kuliko zote. Kijana wa Nairobi angalau huchagua mwenyewe, hata kama anachagua kwa njaa.

Wawili walichagua kubaki. Ndugu Humphrey Kayange na Collins Injera walikuwa wachezaji wa Mwamba wakati wote ambao wangeweza kwenda pengine. Kayange alikuwa nahodha wa Kenya ilipofika nusu fainali ya Kombe la Dunia la wachezaji saba, Dubai, mwaka 2009. Injera alifunga trai 42 katika msururu wa dunia wa msimu huo, na Aprili 2016 alikuwa Singapore Kenya ilipoichapa Fiji 30-7 katika fainali, chini ya kocha Benjamin Ayimba. Mwezi uliofuata, London, akaipita rekodi ya trai 230 ya Santiago Gómez Cora wa Argentina. Mfungaji bora wa trai duniani wakati huo, na klabu yake nyumbani haikuwa na uwanja wake. Mapenzi kwa jezi yalikuwepo, sina shaka. Lakini mkataba wao mkubwa ulikuwa wa timu ya taifa, uliolipwa na chama cha raga cha Kenya. Mwamba hawakulazimika kushindana na KCB kwa mshahara wao. Pale mikataba hiyo ya taifa inapochelewa au kukatwa, kama ilivyotokea zaidi ya mara moja, simu ya kwanza ambayo mchezaji hupokea hutoka kwa mwenye ajira.