Kwa Nini Wadunguaji wa Kisovieti Walirudia Bunduki ya 1891

Tafuta picha za Lyudmila Pavlichenko, yule mdunguaji wa Kisovieti aliyehesabiwa kuwaua wanajeshi 309 wa adui. Katika zile maarufu ameshika bunduki ndefu yenye darubini na matundu juu ya mtutu. Hiyo ni SVT-40, kazi ya mhandisi Fedor Tokarev. Sasa sikia maajabu: mwaka 1942, Pavlichenko akiwa mgeni wa Ikulu ya Marekani na picha zake zikizunguka dunia, jeshi lao liliacha kuwatengenezea wadunguaji bunduki hiyo. Haikuwa inapiga pale inapoelekezwa.

Kwani ilikuwa na shida gani?

Kwenye karatasi, SVT-40 ilikuwa moto. Askari wengi wa dunia bado walikuwa wanakoki kwa mkono baada ya kila risasi. Hii ilijikoki yenyewe. Wewe kazi yako ni kuvuta kifyatuo, mara kumi, ndipo ubadilishe magazini. Zilitengenezwa zaidi ya milioni moja.

Lakini kwenye shabaha, matundu ya risasi yalitawanyika kwenda juu na chini kuliko inavyotakiwa. Mdunguaji akilenga kifua, risasi moja inapita juu ya kofia, nyingine inachimba udongo. Na mdunguaji akikosa, si kwamba amepoteza risasi tu. Ameshajionyesha alipo.

Rahisi kumlaumu askari, na kweli wengi wa 1941 walipelekwa vitani bila mafunzo ya kutosha. Rahisi pia kulaumu risasi, au darubini. Ila hapa historia ilitupa jaribio safi kabisa. Jeshi lilichukua darubini ya PU, iliyokuwa imeundwa kwa ajili ya SVT, likaifunga kwenye Mosin-Nagant, bunduki ya kukoki kwa mkono ambayo muundo wake ni wa mwaka 1891. Risasi za aina ileile, darubini ileile. Mosin ikapiga vizuri zaidi. Basi mshukiwa akabaki mmoja, bunduki yenyewe.

Jibu lilikuwa ndani ya kile kile kilichoifanya ipendwe. Ili ijikoki, SVT huiba sehemu ya gesi ya baruti kupitia kitobo kwenye mtutu. Gesi inasukuma pistoni, pistoni inarudisha vyuma nyuma, ganda linaruka nje, risasi mpya inaingia. Mitambo hiyo ya gesi imefungwa juu ya mtutu mwembamba, uliopunguzwa uzito ili askari aweze kuubeba. Mtutu unaotakiwa kutulia unasumbuliwa. Kulikuwa pia na kirekebishi cha kuamua gesi ipite kiasi gani. Ukikosea, bunduki inakwama au inapiga mateke kupita kiasi. Mosin haina hayo yote. Ni mtutu, mbao na mkono wako.

Je, ingerekebishika? Ndiyo, lakini angalia mwaka. Mwishoni mwa 1941 Wajerumani walikuwa wanausogelea mji wa Tula, na kiwanda chake cha silaha kikahamishwa mashariki hadi Mednogorsk. Bunduki yenye vipande vingi, inayotaka vipimo makini, ikawa mzigo. Hivyo Mosin ya mdunguaji ikarudi kiwandani 1942, na SVT ya mdunguaji ikaachwa.

Wazo la Tokarev halikufa, lakini. Wajerumani walioziokota SVT vitani waliiga mfumo wake wa gesi kwenye Gewehr 43. Nao Wasovieti walipata bunduki ya mdunguaji inayojikoki mwaka 1963, ile ya Dragunov. Hata hiyo ilihitaji msaada: miaka michache baadaye ilitengenezewa risasi yake maalum, kwa sababu risasi za kawaida za jeshi hazikuwa makini vya kutosha.

Hesabu: kutoka 1942 hadi 1963 ni miaka 21. Wahandisi walihitaji muda huo. Askari wa Stalingrad hawakuwa nao. Vasily Zaitsev, mdunguaji aliyepata jina katika magofu ya mji huo, alikuwa anakoki Mosin kwa mkono, risasi moja moja.