Mashairi ya kuonwa yanahitaji orodha yenye macho

Muulize mwanafunzi yeyote wa kidato cha nne akueleze umbo la shairi, naye atakuhesabia beti, mishororo, vipande, vina na mizani. Hiyo ni sawa kabisa. Lakini kuna mashairi ambayo hata ukimaliza kuhesabu hayo yote utakuwa bado hujaligusa shairi lenyewe. Ni mashairi yaliyotungwa kwa ajili ya jicho. Jinsi maneno yalivyopangwa ukurasani, ukubwa wa herufi, rangi ya wino na hata sehemu iliyoachwa tupu ndivyo vinavyobeba maana. Juma hili ningependa tutazame jambo ambalo wahakiki wetu hulijadili kwa nadra: mashairi kama haya hukusanywa vipi, na huandikwaje katika orodha ili atakayekuja baada ya miaka hamsini ayapate?

Ushairi wa kuonwa ni wa kale, ila vuguvugu lake la kisasa lilishika kasi katika miaka ya 1950. Mwaka 1952, mjini São Paulo, Brazil, ndugu wawili Augusto na Haroldo de Campos pamoja na mwenzao Décio Pignatari waliunda kundi la Noigandres. Mwaka uliofuata, Eugen Gomringer, mzaliwa wa Bolivia aliyeishi Uswisi, akatoa mashairi mafupi aliyoyafananisha na makundi ya nyota. Pande hizo mbili zilipojuana, zilikubaliana kuuita utunzi wao ushairi wa konkriti, yaani ushairi unaoshikika kama kitu.

Chukua shairi moja mashuhuri la Gomringer. Neno lenye maana ya kimya limerudiwa mara 14 katika safu zilizonyooka, na katikati pameachwa pengo. Kimya chenyewe kiko ndani ya pengo hilo. Sasa mpe karani alinakili shairi hilo katika mstari mmoja. Atakuletea neno moja limerudiwa mara 14, basi. Hajakosea hata herufi moja, lakini shairi limepotea.

Hapo ndipo kazi ya mkutubi inapokuwa ngumu. Kadi ya maktaba ina nafasi ya mtunzi, anwani, mchapishaji na mwaka. Pengo halina nafasi. Isitoshe, mengi ya mashairi haya hayakutoka vitabuni. Yalipigwa kwa taipureta, yakagongwa kwa mihuri ya mpira, yakachapishwa kwenye mabango na kadi za posta, aghalabu nakala chache tu. Maktaba huweza kusema hizi ni picha, na jumba la sanaa likasema haya ni maandishi. Kitu kisicho na mwenyewe huliwa na mchwa.

Waliojitokeza kukiokoa hawakuwa maprofesa wa fasihi. Marvin Sackner alikuwa daktari wa mapafu huko Miami Beach, Marekani. Mwaka 1979 yeye na mkewe Ruth walianzisha hifadhi ya ushairi wa konkriti na wa kuonwa nyumbani kwao. Kuta zilijaa, rafu zikajaa. Ruth aliaga dunia mwaka 2015. Mwaka 2019 hifadhi hiyo, yenye zaidi ya vitu 75,000, ilihamia Chuo Kikuu cha Iowa. Marvin naye alifariki mwaka 2020.

Kukusanya ni nusu ya kazi. Vitu 75,000 bila orodha ni ghala tu. Hebu fikiria kazi ya Tom Phillips, Mwingereza aliyewavutia mno wawili hawa. Mwaka 1966 Phillips alinunua kwa bei ya kutupa riwaya ya W. H. Mallock iliyochapishwa mwaka 1892. Akachora na kupaka rangi juu ya kila ukurasa, akiacha maneno machache tu yachungulie. Maneno hayo yakawa utungo mpya, A Humument. Je, mtunzi ni Mallock au Phillips? Mwaka ni upi? Hiki ni kitabu, mchoro au shairi? Anayetayarisha orodha hawezi kukwepa maswali haya, na jibu lake ndilo litakaloamua kama mtafiti atakipata kitu hicho au atapita kando yake.

Nasi je? Tusidhani haya ni ya Wazungu na Wabrazili tu. Katika miswada yetu ya hati za Kiarabu, ubeti wa utenzi wenye vipande vinne huandikwa aghalabu katika mstari mmoja mrefu, na vipande kutenganishwa kwa alama. Ukiunakili kwa hati za Kirumi, mstari mmoja unakuwa minne. Utungo wa kale wa Dura Mandhuma hupanda kwa mpangilio wa alfabeti ya Kiarabu, herufi baada ya herufi. Kwa hati za Kirumi, sini na swadi zote zinakuwa 's', na ile ngazi iliyoonekana kwa macho inavunjika. Mwaka 1970 J. W. T. Allen alichapisha katalogi ya miswada ya Kiswahili na Kiarabu iliyo katika maktaba ya chuo cha Dar es Salaam. Kazi kama hiyo inafaa iendelezwe, na wakati huu tuyaeleze pia yanayoonekana.

Karibu nasi zaidi yupo Kithaka wa Mberia, ambaye katika diwani kama Bara Jingine ya mwaka 2001 huyapanga maneno ili jicho nalo lisome. Mhariri wa kitabu cha mazoezi akiyanyoosha mashairi hayo ili kubana nafasi, mwanafunzi ataulizwa maswali kuhusu shairi ambalo hakulipata.

Watu watasema siku hizi simu inapiga picha, tatizo limekwisha. Wapi! Picha isiyo na maelezo haitafutiki. Inahitaji mtu aandike: karatasi ya ukubwa huu, wino mwekundu hapa, maneno yanashuka kama ngazi, katikati pako wazi. Walimu, wahariri na jamaa za washairi wanaweza kuanza na daftari moja tu, kabla mchwa hawajatutangulia.