5,383,728 (namba)

5,383,728 ni namba shufwa yenye tarakimu saba. Tanzania inaifahamu kama idadi ya wakazi wa Mkoa wa Dar es Salaam katika Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022. Temeke ilihesabiwa watu 1,346,674 na Kinondoni 982,328; waliosalia ni wa Ilala, Ubungo na Kigamboni.

Vigawo vyake tasa ni vinne tu: 2⁴ × 3² × 7³ × 109. Hiyo 7 iliyojirudia mara tatu ndiyo ya kushangaza, maana katika kila namba 343 zinazofuatana ni moja tu inayogawanyika hivyo, na hii ilipatikana kwa makarani kupita nyumba kwa nyumba. Kwa jumla ina vigawo 120. Ukiiondoa yenyewe na kujumlisha vilivyobaki unapata 12,348,272, zaidi ya mara mbili yake. Jumla ya tarakimu zake ni 36, nayo huigawa kamili: 36 × 149,548.

Idadi ya Temeke pia hugawanyika kwa 7 bila baki. Ya Kinondoni hubakiza 4.