Mawe Yaliyokuwa Viumbe

Mtu afikaye Mombasa na kuzitazama kuta za Ngome ya Yesu, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, hudhani kuwa atazama mawe tu. Kumbe mengi ya mawe yale ni matumbawe ya kale, na mwamba uliobeba ngome yenyewe ni matumbawe vilevile.

Tumbawe hujengwa na viumbe wadogo wa baharini wenye miili laini. Kila mmoja hujifanyia kijumba cha chokaa. Akifa, wengine hujenga juu yake. Miaka kama 125,000 iliyopita bahari ilikuwa juu kuliko leo kwa mita 6 hata 9. Maji yaliposhuka, miamba mingi ya pwani yetu ikabaki nchi kavu.

Basi, tutalitambuaje tumbawe la kale? Kwanza, livunje kidogo jiwe lililolala njiani, ulitazame mahali papya, kwa maana mvua hufuta alama za nje. Ukiona vijitundu vyenye vikuta vyembamba vielekeavyo katikati, kama njiti za gurudumu la baiskeli, hilo ni tumbawe. Matundu matupu hayatoshi. Aina nyingine zina mifereji ya kupindapinda kama ubongo. Pili, litonee maji ya ndimu: litatoa povu. Lakini kila jiwe la chokaa hufanya hivyo. Kwa hiyo shahidi huyu asisimame peke yake.

Wataalamu huhesabu na vikuta vile. Matumbawe ya pwani yetu huvipanga kwa sita sita. Yako mengine ya zamani sana yaliyovipanga kwa nne nne, nayo yalikwisha kabisa duniani yapata miaka milioni 252 iliyopita. Mwaka 1963 Mmarekani John Wells alihesabu mistari membamba juu ya matumbawe ya kale kama hayo, akaona mistari kama 400 katika ukuaji wa mwaka mmoja. Maana yake, zamani zile dunia ilizunguka upesi zaidi, na mwaka ulikuwa na siku kama 400.

Nazo kazi za wazee wetu zasomeka humo. Huko Kilwa, mji alioufikia Ibn Battuta mwaka 1331, kuta zilijengwa kwa jiwe gumu la nchi kavu. Bali kwa nakshi za milango na mihrabu mafundi walikata tumbawe bichi baharini, wakalichonga lingali laini, kisha likakauka na kuwa gumu.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, mtu akivunja gofu la kale ili apate mawe ya kuchomea chokaa, ateketeza vitabu viwili kwa moto mmoja: habari za bahari, na habari za watu waliotutangulia. Chokaa yaweza kupatikana mahali pengine. Vitabu hivyo havina nakala.