Ndaye Mulamba: mabao 9 ambayo Afrika nzima bado haijayafikia

Wapenzi wa Bukavu Dawa na wale wa Muungano wanaweza kubishana kutoka uwanja wa la Concorde, kule Kadutu, mpaka giza liingie, na bado wasipatane. Lakini kuna hesabu moja ya kabumbu ambayo haina ubishi kwa Mkongomani yeyote: mabao 9 katika Kombe moja la Mataifa ya Afrika. Aliyeyafunga ni Ndaye Mulamba, mwaka wa 1974. Zaidi ya miaka 50 imepita, na hakuna mchezaji aliyeifikia hesabu hiyo.

Mulamba alizaliwa mwaka wa 1948 kule Luluabourg, mji ambao leo unaitwa Kananga. Alianza kucheza mpira Kasai, kisha akaenda Kinshasa kujiunga na AS Vita Club. Mwaka wa 1973 Vita Club iliifunga Asante Kotoko ya Ghana na kutwaa kombe la vilabu bingwa vya Afrika. Mashabiki walikuwa wamempa jina la Mutumbula, yaani muuaji, kwa sababu mlinda lango aliyebaki naye peke yake alikuwa hana bahati.

Mwezi wa Machi 1974 Kombe la Afrika lilichezwa Misri. Zaire, kama nchi yetu ilivyoitwa wakati huo, ilifundishwa na Myugoslavia Blagoje Vidinić. Mulamba alifunga mawili dhidi ya Guinea. Mchezo wa pili, ndugu zetu wa Brazzaville wakatushinda 2 kwa 1. Dhidi ya Morisi alifunga moja, na Zaire ikapita kwenda nusu fainali.

Huko ilikutana na Misri wenyewe, nyumbani kwao Cairo. Misri ikatangulia kwa mabao mawili. Wengi walijua mambo yamekwisha. Mulamba akafunga, nahodha Kidumu akasawazisha, Mulamba akafunga tena. Mchezo ukaisha 3 kwa 2, na uwanja ukanyamaza.

Fainali ilikuwa na Zambia. Mulamba alifunga mawili, la pili katika dakika za nyongeza, zikiwa zimebaki dakika chache tu. Zambia wakasawazisha mwishoni kabisa: 2 kwa 2. Siku zile fainali haikuamuliwa kwa penalti, kwa hiyo timu zikarudi uwanjani siku mbili baadaye, tarehe 14 Machi. Zaire ikashinda 2 kwa 0. Yote mawili ni ya Mulamba.

Jumla 9, kwa michezo sita. Rekodi iliyokuwepo ni ya Laurent Pokou wa Côte d'Ivoire, mabao 8 mwaka wa 1970. Leo kombe hilo lina timu 24, na anayefika mwisho anacheza michezo saba. Bado mfungaji bora mara nyingi anarudi nyumbani na mabao matano tu.

Miezi mitatu baadaye Zaire ilikwenda Ujerumani Magharibi, timu ya kwanza ya Afrika kusini mwa Sahara kucheza Kombe la Dunia. Dhidi ya Yugoslavia hesabu ya 9 ilirudi, lakini upande mbaya: 9 kwa 0. Kabla hata ya nusu saa Mulamba alipewa kadi nyekundu kwa teke alilopigwa mwamuzi. Aliyepiga teke hilo ni mwenzake, Ilunga Mwepu. Mwamuzi alikosea mtu, na Mulamba akatoka. Kwa ulimwengu, kikosi kile kikabaki kichekesho, na mambo ya Cairo yakasahauliwa.

Mwaka wa 1994 wakubwa wa kabumbu ya Afrika walimwalika Tunisia ili aheshimiwe kwa mabao yake. Heshima hiyo ilimletea msiba. Aliporudi nchini, watu wenye silaha walimvamia wakidhani amerudi na mali. Alipigwa risasi mguuni. Mtoto wake mmoja aliuawa. Akafuata njia ambayo familia nyingi za Kivu zinaijua: aliacha nyumba, akavuka mipaka, akawa mkimbizi Afrika Kusini.

Mwaka wa 1998, wakati wa Kombe la Afrika kule Burkina Faso, habari zilifika kwamba Mulamba amekufa katika ajali ya mgodi Angola. Watu uwanjani walisimama dakika moja, kimya, kumkumbuka. Wakati huo Mulamba alikuwa hai, Cape Town, masikini, akilinda magari ya watu pakingini. Waliompa sarafu hawakujua ni nani aliyewachungia gari.

Alifariki Johannesburg tarehe 26 Januari 2019, akiwa na miaka 70.

Mtu akikimbia vita, huandikwa jina lake, idadi ya watoto na pahali alipotoka. Kwamba alikuwa mwalimu aliyefundisha nusu ya kijiji, au mama aliyelisha soko zima kwa maharagwe yake, mara nyingi hakuna anayeuliza. Mulamba naye, mwenye rekodi ya bara zima, hakuulizwa. Tofauti ni kwamba mabao yake yaliandikwa, kwa hiyo hata wale waliomdhania amekufa walijua nani wa kumlilia. Wengine hawana daftari kama hilo. Mzee aliye jirani yako, aliyefika juzi na mkeka na sufuria, hesabu yake anayo mwenyewe kichwani. Muulize akiwa bado hai.