Kuunganisha Programu ya Nota na Sikwensa Ndani ya Tarakilishi Moja

Wapigaji wengi wa taarabu huku kwetu Pwani hawakusoma nota. Walifunzwa kwa sikio, kwa kuketi karibu na fundi wa udi au fidla na kumwangalia vidole. Mafunzo haya yametufikisha hapa tulipo, ila yana hatari moja: fundi akifariki, lahani zake ambazo hazikurekodiwa huzikwa naye. Siku hizi kijana mwenye tarakilishi ya kawaida aweza kusaidia, akijua kuziunganisha programu mbili.

Programu ya kwanza ni ya kuandikia nota, kama MuseScore (ambayo ni ya bure) au Sibelius. Hiyo hutoa karatasi ambayo mpigaji ataisoma. Ya pili ni sikwensa, kama Reaper, Ardour au LMMS, ambayo hupanga sauti za ala na kurekodi. Lugha wanayozungumza hizi mbili ni MIDI, iliyoanza kutumika 1983. MIDI haibebi sauti. Hubeba maagizo tu: nota ipi ipigwe, lini, kwa nguvu gani na iachwe lini. Uzi mmoja wa MIDI una chaneli 16.

Njia ya kwanza: faili

Hii ndiyo nyepesi. Maliza kuandika nota, toa faili ya MIDI, kisha ifungue ndani ya sikwensa. Kila ala itapata mstari wake. Kasoro yake ni kwamba ukisahihisha nota baadaye, itakubidi utoe faili upya. Ukitaka kuhamisha maandishi ya nota kwenda programu nyingine ya nota, tumia MusicXML, kwani MIDI haihifadhi sura ya karatasi.

Njia ya pili: waya wa ndani

Hapa programu zote mbili huwa wazi pamoja, na nota hupita moja kwa moja kutoka moja hadi nyingine.

1. Tengeneza waya. Kwenye Mac tayari umo, waitwa IAC Driver. Uwashe ndani ya Audio MIDI Setup. Kwenye Windows wengi huweka loopMIDI, programu ndogo ya kufanya kazi hiyo. Kwenye Linux hutumika ALSA au JACK.
2. Katika mipangilio ya programu ya nota, chagua waya huo kuwa mlango wa kutolea MIDI.
3. Katika sikwensa, uchague waya huohuo kuwa mlango wa kuingizia. Fungua mstari, uwekee ala, na uuandae kurekodi.
4. Zima sauti ya programu ya nota, usije ukasikia kila nota mara mbili.
5. Weka mwendo sawa pande zote mbili kabla ya kurekodi, la sivyo nota hazitaangukia mahali pake.

Nota zikijirudia bila kukoma au tarakilishi ikikwama, ujue sikwensa yarudisha nota kwenye waya uleule. Funga mlango wake wa kutolea.

Robo-toni isipotee

Hapa ndipo wengi wetu huharibu. Makamu ya Rasti na Bayati yana sauti zilizo katikati ya vibonye vya kinanda. Rasti ikianzia do, mi na si hushuka takriban robo-toni. Usipoiambia tarakilishi, itazinyoosha sauti hizo, na mzee akisikia atakwambia hii si Rasti, wala hatakosea.

Dawa yake ni agizo la kupinda sauti. Kwa kawaida agizo hilo lina upeo wa nusu-toni mbili juu na mbili chini, na katikati yake ni 8192. Kushusha robo-toni, weka 6144. Sikwensa inayoanzia sifuri, weka -2048. Nota inayofuata ikiwa ya kawaida, rudisha katikati. Kumbuka agizo hili hupinda chaneli nzima, kwa hivyo lahani iwe na chaneli yake, mbali na ala zinazoisindikiza. Kisha sikiliza na fundi mwenyewe: robo-toni ya hesabu ni mwanzo tu, kwani kila mpigaji ana mahali pake pa kuiweka.

Unapomaliza kazi, hifadhi vitu vitatu pamoja: karatasi ya nota, faili ya MIDI, na rekodi ya mzee akipiga kwa mkono wake. Nota zitamfunza mjukuu mahali pa kuweka kidole. Namna kidole kinavyoteleza juu ya uzi wa udi, hilo ataendelea kulipata kwenye rekodi, na kwa mzee mwenyewe maadamu yuko hai. Basi tusingoje.